Steshenari ya Mwanjelwa iliyofanya mwongozo wetu wa kahawa usomeke kwenye simu

Niseme mapema kabisa ili mwenye haraka asihangaike kushuka mpaka chini. Kama una mwongozo, katiba ya kikundi, notsi za wanafunzi au kitu chochote kirefu ambacho watu wako wanakisomea kwenye simu na kila siku wanalalamika hawaoni wanachokitafuta, wapelekee wale mabinti wa steshenari ya hapo Mwanjelwa, ukitoka sokoni kama unaelekea Kabwe. Bei yao inauma kidogo ila kazi inaonekana. Duka halina jina, kibao kimeandikwa tu STESHENARI, KUCHAPA, KUDURUFU, PASIPOTI SAIZI, ukipita haraka utadhani ni sehemu ya kutolea kopi tu kama zingine zote pale, kumbe kule nyuma ya mashine ya fotokopi wanafanya kazi ambayo mimi sijaona mtu mwingine Mbeya anaifanya kwa umakini ule: wanachukua andiko refu wanalipanga upya kwa linki mpaka mtu wa kawaida akilifungua anajua pa kuanzia, pa kwenda na pa kurudi.

Sisi ni ushirika wa wakulima wa kahawa huku Mbozi. Kamati pamoja na bwana shamba wetu mstaafu waliandika mwongozo unaoanzia kwenye kitalu mpaka kahawa ya maganda inapotoka kwenye vitanda vya kuanikia, kurasa 90 na kitu, na mle ndani kuna elimu ya watu waliokaa na mibuni maisha yao yote. Ukatumwa kwenye grupu la WhatsApp kama PDF, watu wakashukuru, wakaweka emoji za mikono, basi ikaishia hapo. Maana hebu fikiria uko shambani, umeona tunda bichi la kahawa lina doa usilolielewa, unatoa simu, unafungua faili linaanzia kwenye ukurasa wa shukrani, halafu dibaji, halafu yaliyomo ambayo hata ukiyagusa hayakupeleki popote, unaanza kuskroli, unaskroli, maandishi madogo mpaka uyavute kwa vidole viwili, ukiyavuta mstari unatoka nje ya skrini, ukifika katikati simu inaita, ukirudi faili limeanza upya ukurasa wa kwanza. Mtu anafunga, anapiga simu kwa jirani. Elimu ipo ila kuifikia ndo mziki.

Tukampa kazi fundi mmoja kwanza, kabla ya hawa mabinti, simtaji na wala hayupo tena hapa mjini. Yeye alisikia neno linki akazimwaga kila mahali. Kila palipoandikwa kahawa, linki. Kila palipoandikwa mbolea, linki. Na zile alizodhani ni za muhimu akaziandika BONYEZA HAPA, ukurasa mmoja unakuta bonyeza hapa tatu nne zimefuatana, moja nyekundu, nyingine kijani, nyingine inawaka-waka. Ukibonyeza inakutupa sehemu, hujui ni sura ipi, hakuna kichwa juu kinachokwambia uko wapi na hakuna njia ya kurudi ulikotoka. Wazee wetu waliijaribu, wakaiacha, wakasema bora ile ya kwanza maana ile angalau ukishuka unajua unashuka.

Hii shida ya fundi yule wala siyo ya Mbozi peke yake, na hapa naomba nieleze kidogo maana ndo imenifanya niwaelewe hawa mabinti. Neno lenyewe la maandishi yanayounganishwa namna hii, haipateksti, alilitunga Mmarekani Ted Nelson miaka ya 1960, likachapishwa mwaka 1965, na wazo la msingi ni kwamba maandishi siyo lazima yaende mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, msomaji anaweza kuruka kutoka kipande kimoja kwenda kingine kwa njia aliyoichagua yeye. Wazo zuri sana. Ila kufika mwaka 1987, yaani kabla hata Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, hajapeleka pendekezo lake pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Ulaya, mwaka 1989, alishatokea mtafiti anaitwa Jeff Conklin akazichambua zile programu za haipateksti zilizokuwepo wakati huo, akaonyesha zina magonjwa mawili. La kwanza msomaji anapotea, hajui yuko wapi wala atafikaje anakotaka. La pili kichwa kinachoka, maana kila linki ni uamuzi, niingie nisiingie, na huku unatakiwa bado ukumbuke ulichokuwa unasoma. Ukichukua lile faili la fundi wetu, magonjwa yote mawili yalikuwemo. Na tovuti nyingi tu za leo, hata za ofisi kubwa, bado zinayo.

Sasa hawa mabinti. Cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba hawakuanza na kompyuta. Walichukua PDF yetu, wakaisoma, afu wakatupigia simu wakasema wanaomba maswali. Maswali gani? Maswali ambayo wakulima huwa wanampigia bwana shamba. Siyo sura za kitabu, hapana, maneno yenyewe mtu anayoyasema akipiga simu. Tukawakusanyia voisi noti kutoka kwenye grupu, nyingi tu, watu wanaongea na upepo unavuma na mbuzi wanalia kwa nyuma. Na kutoka kwenye zile voisi ndo wakatengeneza ukurasa wa mwanzo.

Kwenye mwongozo wa zamani sura ya magonjwa ilikuwa inaitwa Udhibiti Husishi wa Visumbufu vya Mibuni. Ni jina sahihi kabisa la kitaalamu, bwana shamba alisomea hivyo na halina kosa. Ila hakuna mkulima anayesimama mbele ya mti akajiambia natafuta udhibiti husishi. Sasa hivi ukifungua faili unakuta swali moja kubwa, Umeona nini kwenye mti?, na chini yake majibu, kila jibu ni linki: Tunda bichi lina madoa meusi yaliyobonyea. Chini ya jani kuna unga wa rangi ya chungwa. Tunda lina katundu kadogo kwenye kitovu. Ya kwanza inakupeleka kwenye chulebuni, ya pili kutu ya majani, ya tatu ruhuka, yule mdudu anayetoboa buni. Yani huhitaji kujua jina la ugonjwa ndo uupate, unaanzia na macho yako. Na kwa anayelijua jina kuna orodha ya majina kwa alfabeti, nayo wameifanyia ustaarabu, maana chulebuni wengine tunaiita CBD tu kama maafisa wanavyoiita, basi zote mbili zimo, ukigusa CBD unafika kwenye chulebuni palepale.

Kuna jambo lingine dogo kwenye ukurasa huo wa chulebuni ambalo kwangu ndo linaonyesha wanaelewa kazi. Zamani ukurasa ulianza na historia, kwamba ugonjwa huu ulionekana kwanza Kenya mwaka 1922 na unasababishwa na kuvu, na unapenda sehemu za juu zenye baridi na unyevunyevu, ndo maana nyanda zetu hizi unatusumbua. Ni kweli yote na mimi napenda historia. Ila mtu ameshika tawi mkononi. Wakahamisha, sasa juu kabisa kuna picha ya tunda lenye doa, chini yake dalili, chini yake fanya nini leo, na mwisho kabisa ndo kuna linki imeandikwa Ugonjwa huu ulitoka wapi. Anayetaka anaingia, asiyetaka hapotezi muda. Hakuna kilichofutwa, bwana shamba mwenyewe alikagua neno kwa neno akaridhika.

Siku moja ya Jumamosi walipanda Coaster wakaja mpaka Iyula kujaribisha, na kama unafikiria kuwapa kazi basi komaa nao waje mpaka kwa watu wako. Walikaa na mama mmoja mwenye shamba lake pale, mama mtu mzima, simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka kona. Wakamsalimia, shikamoo mama, marahaba wanangu, wakampa faili, wakamwambia mama tafuta hapa namna ya kuchachusha kahawa, sisi tunakaa tu tunaangalia, ukikwama tuambie umekwama wapi. Na kweli walikaa kimya. Mimi nilikuwa naona pale pa kugusa, mkono unaniwasha nimwonyeshe, binti mmoja akanizuia kwa macho. Mama akawa anasoma kwa sauti, kidole kinafuata mstari, akafika sehemu yenye linki iliyobaki kutoka kwenye lile faili la fundi wa zamani, bonyeza hapa, akanyanyua uso akauliza, "Mwanangu, hiki cha bluu nikikigusa kinanipeleka wapi?"

Binti akaandika lile swali kwenye daftari lake neno kwa neno. Nimeuona ule ukurasa wa daftari baadaye, umejaa vitu kama hivyo, mama amegusa kichwa cha habari akidhani ni linki, mzee amerudi nyuma akatoka kabisa kwenye faili, kijana amepita linki bila kuiona. Na kazi yote iliyofuata ilikuwa kujibu maswali ya daftari lile. Bonyeza hapa zote zimekufa. Mahali pake kuna maneno yanayosema uendako, Namna ya kuchachusha kahawa baada ya kukoboa, Vipimo vya dawa ya kopa kwa bomba la kupulizia la lita 15, Jinsi ya kukagua vitanda vya kuanikia. Ukisoma linki zenyewe tu bila aya zinazozizunguka bado unaelewa kila moja inaenda wapi. Baadaye nimeona kwamba hata ule mwongozo wa W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti, wa kufanya wavuti ufikike na watu wote, toleo lake la mwaka 2008, unadai hilo hilo, lengo la linki lieleweke kutokana na maneno yake au yaliyo jirani yake, na sababu moja kubwa ni wasioona, maana programu inayowasomea skrini inaweza kuwatajia linki zote mfululizo, sasa fikiria unasomewa bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa. Mwenye macho mazuri anayekimbiza mvua naye anafaidika vilevile.

Suala la kurudi walilitendea haki pia. Juu ya kila sehemu kuna kamstari kanakokuonyesha njia, Mwanzo › Umeona nini kwenye mti › Chulebuni, na kila kipande unaweza kukigusa. Chini ya kila sehemu kuna Rudi kwenye orodha ya magonjwa. Mimi niliuliza kwanini wasitegemee kitufe cha kurudi cha simu yenyewe, wakanionyesha, kwenye simu zingine faili likifunguliwa na kile kiprogramu kidogo cha kusomea badala ya Chrome, ukigusa kurudi kinakutoa nje kabisa, ndo yaliyomkuta yule mzee. Kwa hiyo njia ya kurudi imo ndani ya faili lenyewe, haitegemei simu ya mtu. Nimelipenda hilo.

Halafu jua. Hapa najua wa Mbeya mjini hamtanielewa haraka lakini mkulima ananielewa, saa sita mchana shambani kioo cha simu kinakuwa kama bati, bluu na nyeusi zote ni kivuli tu. Fundi wa kwanza alitegemea rangi peke yake kuonyesha linki, ndo maana kijana alizipita. Mabinti wamezirudisha kwenye bluu iliyokolea NA mstari chini. Bluu ina historia yake, ile programu ya kuvinjari ya Mosaic ya mwaka 1993 kutoka chuo kikuu cha Illinois kule Marekani ndo iliifanya bluu yenye mstari ikazoeleka dunia nzima, kwa hiyo hata mama wa Iyula ambaye hajawahi kusikia habari ya Mosaic akiona bluu yenye mstari anahisi hapa pa kugusa. Ukibadilisha kuwa kijani kwa sababu kahawa ni ya kijani unamnyang'anya msomaji kitu alichokuja nacho mwenyewe. Na ule mwongozo wa W3C nao unasema rangi isiwe alama pekee.

Ukubwa wa kugusa nao. Vidole vya mtu anayeshika jembe na mkasi wa kupogolea ni vipana na vigumu, kioo chenyewe kina vumbi. Linki zilizobanana unagusa hii inafunguka ile. Toleo jipya la W3C la Oktoba 2023 limeweka kiwango cha chini cha eneo la kugusa, pikseli 24 kwa 24, binti mkubwa aliniambia kwa wakulima hiyo bado ndogo wakaweka karibu mara mbili yake. Na ni kweli, tangu tulipopokea sijasikia mtu analalamika kugusa siko.

Ila kitu kilichonigusa mimi zaidi ya vyote ni pale ambapo WALIKATAA kuweka linki. Kwenye sehemu ya kuchanganya dawa kuna hatua zinazofuatana, vaa kinga, pima, jaza maji nusu, koroga, ongeza. Mwenyekiti wetu alitaka neno kinga liwe linki ya kwenda kwenye maelezo ya glavu na barakoa, neno bomba liwe linki ya namna ya kusafisha bomba, na kadhalika. Wakasema hapana mwenyekiti, tusikubali. Mtu akiwa hatua ya tatu akagusa linki akaenda kusoma habari ya bomba, akirudi anaweza kuanzia hatua ya tano, na hiyo ni dawa. Kwa hiyo hatua zote ziko wazi hazina linki hata moja, maelezo ya kinga yameletwa juu kabla ya hatua ya kwanza, na linki zote zimewekwa chini baada ya hatua ya mwisho chini ya kichwa Ukimaliza hapa. Mwenyekiti alinuna kidogo lakini akakubali. Nadhani wanaotengeneza tovuti za hospitali na za mikopo wangekuja kujifunza hapo.

Kuna na hili la bando. Mwongozo una linki chache zinazotoka nje, kwenda kwenye machapisho ya utafiti wa kahawa na vitu kama hivyo. Zamani mtu anagusa, hajui, simu inaanza kuvuta PDF ya mamegabaiti bando linakata. Sasa kila linki ya nje imeandikiwa pembeni inahitaji bando, na kama ni faili imeandikwa ukubwa wake. Maneno mawili tu. Faili zima lenyewe halihitaji intaneti, picha zimo ndani zimebanwa, liko chini ya MB 3, unatumiwa kwa WhatsApp au unahamishiwa kwa bluetooth na jirani basi. Na linki za nje wamezipunguza makusudi, maana kurasa za watu huwa zinahamishwa na kufutwa. Tim Berners-Lee mwenyewe aliandika mwaka 1998 akiwasihi wenye tovuti wasibadilishe anwani za kurasa zao ovyo, na mpaka leo ukigusa linki ya mwaka juzi unakuta ukurasa haupo. Kwa hiyo lililo la lazima wameliandika ndani kwa ufupi, linki ya nje ni ya anayetaka kuendelea tu.

Sasa yaliyonikera, maana yapo.

Hakuna sehemu ya kutafuta. Ukiwa na neno kichwani, tuseme mrututu, yaani dawa ya kopa, huwezi kuliandika mahali ukapelekwa. Walinijibu kwamba Chrome ina yake, unagusa vile vidoti vitatu juu unachagua kutafuta kwenye ukurasa, ni kweli ipo na inafanya kazi, lakini watu wetu wengi hawaijui na kwenye hicho kiprogramu kingine sijaiona. Wangeandika hata kamstari kamoja pale mwanzo kuelekeza. Niliwaambia wakasema wataongeza toleo lijalo, nasubiri.

Linki uliyokwisha kuisoma inatakiwa ibadilike rangi iwe zambarau, wataalamu wa urahisi wa matumizi kama Jakob Nielsen wamelisisitiza miaka mingi, inamsaidia msomaji asizunguke palepale. Kwenye simu yangu inabadilika, kwenye simu za wengine haibadiliki kabisa na hawakuwa na jibu la kuniridhisha. Kwa faili la ukubwa wetu siyo janga, kwa kitu cha kurasa 300 ningewabana.

Muda. Walisema wiki mbili ikapita hiyo na zaidi, sababu mojawapo umeme, nyingine msimu wa wanafunzi kuprinti ripoti, ukifika pale saa za mchana foleni ya wanafunzi imejaa mpaka nje na wewe na mwongozo wako unasubiri. Na kila ukitaka kubadilisha kitu, mfano bei ya pembejeo, lazima urudi kwao, hawakutufundisha kubadilisha wenyewe. Mwishoni tulikubaliana vitu vinavyobadilika kila msimu vyote vikae sehemu moja inaitwa Bei na tarehe za msimu huu, na sehemu zingine ziwe na linki ya kwenda hapo, ili marekebisho yakija yanafanyika mahali pamoja tu. Hilo wazo lilikuwa la kwao na ni zuri, ila kutufundisha kuligusa wenyewe bado nawadai.

Bei walianza na laki tano, tukashuka mpaka laki tatu na nusu, nusu mwanzo nusu mwisho, risiti wanatoa. Kwenye mkutano kuna waliosema ni nyingi kwa kitu ambacho hakina hata nembo inayong'aa, kurasa nyeupe maandishi meusi linki za bluu basi. Mimi nilisimama nikawatetea na nitaendelea kuwatetea. Fundi wa kwanza alituwekea picha ya mlima, alama inayowaka na muziki, na hakuna aliyepata alichokuwa anakitafuta. Hawa wametumia hela yetu kwenye maneno na njia. Wiki iliyopita kwenye grupu mtu kauliza mbona kahawa yangu baada ya kukoboa bado inateleza, kabla bwana shamba hajajibu mwanachama mwingine kamjibu, fungua mwongozo, gusa Baada ya kuchuma, afu gusa Kahawa bado inateleza. Dakika chache jamaa karudi kasema nimeiona, inataka iendelee kuchacha halafu nioshe vizuri kwa maji safi. Bwana shamba hakupigiwa simu.

Rafiki yangu mwalimu wa Iringa naye amewatumia notsi zake za kidato cha pili kwa WhatsApp bila kuja, wamemfanyia, anasema ziko vizuri ila ameona wamegawanya mada vipande vidogo mno, mwanafunzi anagusa-gusa sana kabla hajasoma aya nzima. Hilo ni la kuangalia. Kitu cha kutafuta jibu shambani na kitu cha kujifunza kwa mtiririko havigawanywi sawa, somo linataka lisomwe kwa urefu wake, linki zije pembeni na mwishoni. Ukiwapa kazi ya notsi waambie mapema.

Ukienda, andiko lako liwe limeshachapwa, ukipeleka la mkono watakutoza kuchapa mbali. Peleka na picha zako halisi, siyo zile zilizopitia WhatsApp mara kumi zimefifia. Na kabla ya kwenda kaa na watu wako uwarekodi maswali yao wanavyoyauliza wenyewe, utaokoa muda mwingi maana hilo ndo watakudai kwanza. Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili wanafunga, asubuhi mapema kabla wanafunzi hawajajaa ndo utaongea nao kwa nafasi. Waombe wakufungulie lile faili la kahawa la Mbozi, tumewaruhusu, uliguseguse mwenyewe kwenye simu yako kabla hujatoa hela.